Vijana 212, mamenta 9: hii apu ya wabunifu nianzie wapi?

"Habari mwalimu. Mimi ni dizaina, nina miaka 27, naishi Kasarani. Miaka minne nimefanya gigi za posta na logo bila mtu wa kuniongoza na wateja wameniumiza sana, kwa hivyo mimi na rafiki yangu mpiga picha tumeamua kutengeneza apu ya kuunganisha vijana wa kazi za ubunifu, wapiga picha, waanimeta, wanamitindo, maprodyusa, na mamenta wao, yaani wazoefu wa kuwaongoza. Skrini nishachora zote. Unaona profaili ya menta, unaswaipu kulia kama umempenda, na yeye akikupenda mnaanza kuchati. Tuliweka fomu ya Google mtandaoni na vijana 212 wakajiandikisha kwa wiki mbili lakini mamenta ni 9 peke yake. Tukajaribu kuunganisha wachache kwa mkono, wakapigiana simu mara moja, ikaishia hapo. Developa ametuitisha 650,000 pamoja na AI ya kuchagua nani anamfaa nani, na sisi tuko na 400,000. Tutafute zingine tujenge ama? Mamenta tuwalipe? Na kuna wasichana wengi kwa hiyo orodha, wengine bado wako sekondari, hapo naogopa kidogo."

Dadangu, pole kwa hiyo miaka minne na asante kwa kuuliza kabla hujatuma pesa. Umeuliza maswali kadhaa lakini nikisoma naona kinachokukosesha usingizi ni kimoja. Ile simu ya kwanza ilienda vizuri, watu wakacheka, wakaahidiana, halafu kimya, na unatumaini kuna mahali kwa skrini palikosewa, labda kitufe, labda uchaguzi wa nani na nani, na developa akipagusa hapo watu wataendelea kuongea. Mimi nimekuwa kwa hii kazi ya kuchora apu na kukaa karibu na watu wakizitumia tangu 2011, na nakwambia shida haiko hapo. Skrini zako pengine ni safi kabisa. Hao watu wawili walipewa namba ya simu wakati walihitaji kupewa kazi ya kufanya pamoja.

Najua juu hilo kosa nishalifanya. Kuna mwaka mimi na wenzangu wawili tulianzisha kitu kama chako, tovuti tu, enzi hizo kila mtu mjini alikuwa anaanzisha kitu. Tukakodi ukumbi, tukaleta samosa na chai, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, jozi kama sitini zikaundwa jioni moja na tukapiga picha nzuri sana. Baada ya miezi mitatu nikaketi nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Zile jozi zilizokuwa bado zinakutana ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zote, bila hata moja kukosa, ni zile ambazo kijana alikuwa na kitu kinamuunguza: maonyesho ya wiki ijayo, katalogi ya mteja, video ambayo rangi zimekataa kukaa. Hao wengine waliniambia maneno karibu sawa, "tuliongea poa, nikaona nisimsumbue tena." Hilo neno "nisimsumbue" liweke mahali, nitalirudia.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtu wa hapa Nairobi mwenye studio yake, watoto, na jamu ya Mombasa Road, ukimbana sana atakupa saa mbili kwa mwezi. Mamenta 9 ni saa 18, yaani dakika 1,080 kwa mwezi mzima kwa wote. Gawa kwa vijana 212. Kila mmoja anapata dakika tano na sekunde kidogo, muda wa kusalimiana na kuulizana "unanisikia?" tu. Hakuna rangi ya kitufe itabadilisha hiyo hesabu. Kwa hivyo ulicho nacho ni upungufu wa saa za watu wenye ujuzi, na kila kitu utakachochora kuanzia leo ukiulize kwanza kama kinaokoa dakika za menta ama kinazila. Kuswaipu kunazila. Menta anaamka anakuta nyuso 80 za kuhukumu kwa picha ya profaili, anaona aibu, anafunga simu. Upande wa kijana ni mbaya zaidi, amekataliwa na mtu anayemheshimu na hajui ni kwa nini. Na hata ungepata mamenta 50, wote 212 wangeswaipu wale wawili wenye majina.

Hapo kwa majina nikae kidogo. Vijana wengi wanadhani menta mzuri ni yule maarufu zaidi. Mara nyingi anayefaa ni aliyekutangulia miaka mitatu au minne, ambaye bado anakumbuka bei aliyoitisha kwa kazi yake ya kwanza na vile alitetemeka akiitaja. Yule wa miaka ishirini ashasahau. Ukimuuliza uanzeje atakwambia "jiamini." Asante, lakini nauli hailipwi na kujiamini.

Hiyo AI sasa. Kulinganisha watu wa pande mbili ni hesabu nzuri kweli na ina historia, sikatai. David Gale na Lloyd Shapley walionyesha mwaka 1962 vile unaweza kupanga pande mbili zinazochaguana, mpaka pasibaki watu wawili ambao kila mmoja angemtaka mwenzake kuliko yule aliyepewa, na Shapley na Alvin Roth wakapata Nobel ya uchumi 2012. Huko Marekani njia ya aina hiyo ndiyo inapeleka madaktari wapya kwa hospitali za kufanyia mafunzo. Lakini angalia inataka nini ndio ifanye kazi: kila mtu awe anajua anachotaka na aweze kukipanga kwa orodha, wa kwanza hadi wa mwisho. Daktari anazijua hospitali anazoomba. Kijana wa miaka 21 anayepiga picha za harusi kila Jumamosi na kwa fomu yako ameandika "nataka kukua" hajui kama anahitaji mtu wa taa, mtu wa kumfundisha bei, ama mtu wa kumwambia waziwazi aache harusi. Na hiyo mashine ya kujifunza inajifunza kutoka kwa jozi zilizofaulu, wewe unazo ngapi? Kwa watu 9, keti na rafiki yako, chai na chapati, orodha mbele yenu, jioni moja mmemaliza. Mtachagua vizuri kuliko mashine yoyote kwa sababu nyinyi mnajua nani huwa na hasira asubuhi na nani hawezi kukaa chumba kimoja na nani.

Nikwambie kitu nilikiona kikanibadilisha vile nafikiria hii maneno yote. Nilikuwa gereji moja Industrial Area wanakopaka nganya, hizi matatu za michoro, nimeenda kuangalia rangi za mradi mwingine kabisa. Kulikuwa na fundi na kijana wake wa kama miaka 19, amepewa kipande cha ubavu karibu na gurudumu la nyuma, pale hata akiharibu hapaonekani sana. Kijana amebandika tepu, ameshika kopo la spreyi, anapuliza. Fundi amekalia kreti ya soda anakula ndizi, hasemi kitu, kama dakika kumi hivi. Halafu rangi ikaanza kuchuruzika chini ya sikio la ule uso aliokuwa anachora. Fundi akainuka, hakumnyang'anya kopo, akamshika kiwiko akakirudisha nyuma kama upana wa kiganja, akamwambia "usisimame, pita." Akarudi kwa ndizi yake. Kijana akapita, rangi ikakaa. Mafunzo yote niliyoyaona asubuhi hiyo ni hayo, maneno mawili na kiwiko.

Sasa hebu tazama. Kulikuwa na kazi ya kweli lakini kwenye kona ambayo makosa yake yanavumilika. Fundi alikuwa anakula ndizi wakati kijana anafanya, yaani dakika zake hazikuliwa, zilitumika sekunde chache tu pale zilipohitajika. Na hakuna mahali kijana alisema "samahani, naomba uwe menta wangu," rangi yenyewe ilipochuruzika ndiyo ilimwita fundi. Sisi tumelelewa kwamba kumpigia mkubwa simu ati "niaje, nilikuwa tu nataka tuongee" ni kukosa adabu, unamwibia muda. Hiyo ndiyo "nisimsumbue" yenyewe. Lakini kijana akiwa na bango ambalo lazima liende kwa printa Ijumaa na maandishi yamekataa kusomeka kwa mbali, hapo ana sababu ya kupiga, hasumbui mtu. Kwa hivyo kabla hujafikiria kitu kingine chochote kwa hiyo apu, fikiria ni kazi gani itakuwa mezani kati yao wawili.

Kitu kingine ni mwisho. Kuna mtafiti anaitwa Kathy Kram, mwaka 1983 alichapisha uchunguzi wa jozi 18 ndani ya kampuni moja ya Marekani, akaona uhusiano wa aina hii hupitia hatua nne: kuanza, kukomaa, kutengana, halafu kuonana upya kama marafiki karibu wa rika moja. Kampuni si studio, huko mtu ana bosi na ngazi ya kupanda, na kule kuanza tu aliona kunachukua miezi sita hadi mwaka. Lakini nikiangalia apu nyingi za hii biashara naona zimechora hatua ya kwanza peke yake. Skrini ishirini za kukutana, za kuachana hata moja hakuna. Na kuachana ndiko kunamfanya mtu akubali kuanza. Menta akijua kitu kinaisha tarehe 30 atasema sawa. Asipojua kinaisha lini anaona ni kama ameambiwa aoe.

Kazi zetu pia zina ujanja wake ambao apu za kufundisha kodi ama uhasibu hazina. Huku hakuna ngazi. Mpiga picha hapandishwi cheo, anapata mwezi wa wateja watano na mwezi wa sifuri, na kijana akikwama hajui kama amekwama kwa sababu kazi ni mbaya, bei ni mbaya, ama ni Januari tu. Halafu menta wako ni mshindani wako. Yule prodyusa unayemwomba akusikilizie biti ndiye mtakutana naye kwa mlango wa msanii yuleyule mwezi ujao, kwa hivyo kuna mambo hatakwambia, na si uchoyo, ni biashara. Ukiliweka hilo wazi tangu mwanzo na umpe kila menta kijana ambaye hayuko kwa soko lake moja kwa moja, wa harusi amlee wa bidhaa, wa katuni za watoto amlee wa matangazo, watu wanafunguka vizuri zaidi. Na kuna ladha. Menta anaweza kuchukia stailo yako na awe amekosea. Ndio maana mimi siamini sana hii ya mtu mmoja na mtu mmoja kwa wabunifu. Kijana anahitaji kusikia macho matatu yakibishana juu ya kazi yake, ndio ajue ni lipi ni kosa na lipi ni ladha tu.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningefanya meza. Menta mmoja, vijana watano, dakika 90, kila baada ya wiki mbili, mara nne, imeisha. Wiki nane kwa jumla. Menta anatumia saa sita peke yake, ni zaidi kidogo ya zile mbili kwa mwezi, lakini zina mwisho, na hizo ni saa unaweza kumwomba mtu bila kuona haya. Meza 9 ni vijana 45. Najua sasa hivi unafikiria hao wengine 167, nitakuja kwao.

Nauli ya kuingia kwa meza iwe ni kazi, si pesa. Saa 48 kabla ya kikao kila kijana anatuma kitu kimoja ambacho hakijaisha na swali moja. Swali moja la ukweli, kama "mbona huyu mtu kwa picha anaonekana amebandikwa juu ya bakgraundi?" Lile la "mnaonaje?" usilipokee. Asiyetuma haketi, bila vita, kiti kinabaki wazi na kikao kijacho akituma anaketi. Hiyo sheria moja itakuchujia orodha yako vizuri kuliko fomu yoyote. Usishangae kati ya hao 45 kumi wakipotea kabla ya kikao cha kwanza, ndio maana uwe na wengine wachache wa akiba waliokwisha kutuma kazi.

Na hapa ndipo naona apu yako inaweza kuwa na maana, lakini ni kitu kidogo sana ukilinganisha na zile skrini. Sai watu wote wako WhatsApp na ungeweza kuanza huko wiki hii, ila WhatsApp inabana picha. Rafiki yako mpiga picha atakwambia, ukituma picha kawaida inafika imekonda, vitu vidogo vidogo vimepotea, vivuli vimekuwa matope, menta anakosoa makosa ambayo ni ya WhatsApp si ya kijana. Wafundishe kutuma kama dokumenti, hapo inafika nzima, lakini bando inaenda na mtu anasahau. Halafu maoni yanapotelea kwa kundi katikati ya "happy birthday" na mstari wa maombi. Kinachokosekana ni ile kiwiko. Menta aweze kugusa mahali hasa kwa picha, ama sekunde hasa kwa wimbo, ashikilie kidole, aongee sekunde ishirini kwa sauti yake, aachilie, na kijana akifungua anaona alama hapo hapo anaigusa anasikia. Basi. Mtu aliyekwama kwa jamu ya Thika Road kwa kiti cha nyuma cha matatu anaweza kufanya hivyo na sauti haili bando kama video. Kama kuna kitu kimoja cha kumlipa developa, ni hicho, na kifanye kifungue kwa brauza ya kawaida ya simu bila kudaunilodi kitu.

Hata Play Store sikushauri kuiharakisha. Akaunti yenyewe ni dola 25 mara moja, hiyo si shida, lakini akaunti mpya za mtu binafsi Google inataka uwe umejaribu apu na watu 12 wasiopungua kwa siku 14 mfululizo kabla hujaitoa kwa wote. Apple nao ni dola 99 kila mwaka. Ya nini, na bado hujajua kama watu watakuja kikao cha pili? Hata ADPList, ambayo sai ina mamenta wa dizaini kutoka pande nyingi za dunia, ilianza 2020 kama orodha tu. Anza na fomu yako, spredishiti, WhatsApp, na wewe mwenyewe ukiwa ndiyo injini, unatuma vikumbusho kwa mkono usiku. Utachoka. Pale utakapochoka zaidi, hapo ndipo pa kujenga kwanza, na utakuwa unamwambia developa kitu unachokijua, si kitu ulichokiota. Nikikadiria, raundi nzima ya kwanza, yaani zile wiki nane, mtaifanya kwa chini ya 60,000 ya hizo 400,000, ukihesabu chai, nauli za mamenta na bando zako.

Kuhusu kuwalipa, nitakupa pande zote halafu nikwambie langu. Bure inafanya kazi mwanzo kwa sababu watu wanapenda kusaidia, ila bure inachoka, na ikichoka huwezi kumuuliza mtu mbona hakuja. Vijana wakilipa, tuseme 500 kwa kikao kupitia till ya M-Pesa, mahudhurio yanapanda lakini umewafungia mlango wale uliowajengea, na menta anaanza kuongea kama mwuzaji. Diposti ya kurudishwa inasikika vizuri mpaka uanze kurudisha, makato ya kutuma pesa ndogo ndogo kwa watu 45 yanakera na mtu mmoja asipopata yake umekuwa mwizi. Kuna wafadhili, na hao si wabaya, lakini wengi watataka kuhesabu vichwa, "vijana elfu tano wamefikiwa," na wewe utajikuta unajaza ukumbi wa samosa kama mimi. Langu ni hili: raundi mbili za kwanza walipie mamenta nauli na chakula, bila kuchelewesha hata siku moja, na uwape kitu wanachokitaka wao. Waulize. Wengi wa mamenta wangu walitaka kitu kimoja, kujua ni kijana gani anaaminika wa kumpa kazi akizidiwa Desemba. Hiyo ni thamani kubwa na haikugharimu kitu.

Lakini hapo weka sheria ngumu. Kijana akigusa kazi ya mteja wa menta, analipwa, na bei inatajwa kabla. "Utapata eksposha" usiikubali kwa meza yako hata mara moja. Nimeona vijana wakiediti harusi za watu miezi minne wakiitwa wanafunzi. Huyo ni kibarua asiyelipwa.

Vijana watakuuliza pia kuhusu kuibiwa idea, kwa hivyo uwe na jibu. Sheria ya Hakimiliki yetu ya 2001 hailindi wazo, inalinda kazi iliyokwisha kuwekwa mahali, kwa karatasi, kwa faili, kwa rekodi, na ulinzi unaanza kazi ikishafanywa hata kama hujaisajili. Ukitaka ushahidi wa ziada kuna kusajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni kwa hiari. Kwa apu hiyo maana yake ni rahisi: kila faili ihifadhiwe na tarehe na jina la aliyeituma, na masharti yako yaseme kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba kazi inabaki ya kijana, wewe na menta hamna haki ya kuiposti popote bila yeye kukubali.

Sasa lile la wasichana, na umesema unaogopa kidogo. Mimi ningeogopa zaidi ya hapo. Umeunda kitu ambapo mtu mzima mwenye uwezo wa kumpa mtu kazi anaongea faragha na mtu mchanga anayetaka hiyo kazi, halafu ukaweka kuswaipu juu yake, ambako kila mtu mjini anajua ni kwa kutafutia wapenzi. Hiyo peke yake inatosha kuifuta. Walio chini ya miaka 18 usiwachukue sasa, wote, hata kama mama ya mtu amekupigia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla hujashughulikia taarifa za mtoto, na zaidi ya sheria, nyinyi wawili hamna watu wa kusimamia hilo. Fomu zao zile ulizonazo tayari, zifute. Kwa wengine, meza ya watu sita ni kinga yenyewe, mazungumzo yabaki kwa kundi ama kwa kazi, namba za simu zisipeanwe na nyinyi, kukutana ana kwa ana kuwe mahali pa watu mchana, na kuwe na namba moja ya kuripoti ambayo inashikwa na mtu mwenye jina ambaye si menta. Muamue leo, mkiwa hamna hasira na mtu, kwamba menta akilalamikiwa anasimamishwa kwanza mnaongea baadaye, hata awe yule maarufu. Siku ikifika mtakuwa mnatetemeka, hamtaweza kuamua vizuri.

Na kuna mambo mimi na wewe hatumalizi kwa kuandikiana. Msichana akikwambia ameguswa ama ametishwa, usifanye uchunguzi wako, msindikize hospitali na kwa dawati la jinsia polisi, na namba 1195 ya msaada kwa ukatili wa kijinsia inapigwa bure. Kwa mambo ya data, mkiwa na mauzo chini ya 5,000,000 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hamlazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini sheria yenyewe bado inawashika, kwa hivyo masharti na fomu ya idhini keti na wakili ana kwa ana muandike vizuri kabla ya raundi ya pili. Pia wewe na rafiki yako andikianeni nani anamiliki nini. Urafiki ukiwa mtamu ndio wakati mzuri.

Kabla ya hayo yote, wiki hii wapigie mamenta 9, mmoja mmoja. Usiwaambie kuhusu apu. Waulize siku gani wana dakika 90, na ni kosa gani wamechoka kuliona kwa kazi za vijana. Hilo kosa ndilo kazi ya kwanza ya meza yake.

Na wale ambao hawatapata kiti waandikie leo, wasikae wakisubiri simu. Kitu kama hiki: "Mambo. Ulijiandikisha kwetu kutafuta menta. Ukweli ni kwamba tumepata mamenta 9 na nafasi 45, na raundi hii tumeshindwa kukupa kiti. Kama uko na kazi ambayo haijaisha, tutumie hiyo kazi na swali moja kabla ya Ijumaa. Wanaofanya kazi inayofanana tutawaweka watano watano muangaliane kazi bila menta, na kiti kikifunguka tunaanza na waliotuma. Ukiona umebadilisha mawazo jibu TOA, tutafuta jina na namba yako siku hiyo hiyo."